Buu wa Mnazi wa Mohdhar

Neno lililompandisha Kulthum mori lilikuwa moja tu, kwenye mstari wa nne wa barua: uchafu. Barua yenyewe ilikuwa na muhuri wa ofisi ya kilimo, imekunjwa mara tatu na kuwekwa chini ya kibuyu cha chumvi ili isipeperuke. Shangazi yake, Bi Mwanatumu, hakusoma shule, lakini karatasi ya shari anaijua akiiona, na hii aliiweka siku tatu bila kuionyesha jirani yeyote, mpaka Jumapili, siku ambayo Kulthum huja Kipungani kumtazama. Kulthum aliisoma kwa sauti. Ilisema kwamba minazi thelathini na minane ya Bi Mwanatumu binti Bakr imeshambuliwa na chonga, kwamba chanzo cha wadudu hao ni uchafu wa mmiliki, hasa gogo la mnazi mfu aliloliacha limesimama shambani kwa ukaidi, na kwamba Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, minazi yote itakatwa na kuchomwa moto ili mashamba ya majirani yaokoke.

Uchafu. Wakamwambia hivyo mwanamke anayefagia uwanja wake mara mbili kwa siku, alfajiri na baada ya alasiri, na ambaye akikukuta umetupa kokwa la tende mlangoni pake atakuokotesha hata ukiwa kadhi. Kulthum alihisi masikio yanamwaka. Aliirudia barua mara ya pili kutafuta jina la aliyekuja kuangalia hilo shamba kabla ya kuandika, hakulikuta. Kulikuwa na sahihi ya afisa mmoja, Patroba, na chini yake maneno kwamba uamuzi umetokana na ripoti ya kitaalamu ya mradi wa Bustani Njema.

Hapo ndipo hasira zilipopata pa kukaa. Bustani Njema ndio jirani wa ng'ambo ya ua, na msimamizi wake ni Bwana Taha, mtu wa Amu mjini, wa nyumba kubwa, kanzu nyeupe mpaka unaona haya kumkaribia na mikono yenye samaki. Miaka miwili nyuma alikodi shamba lile ili apande saladi za kuuzia mahoteli. Akawa analeta samadi ya punda kutoka mjini, mashua kwa mashua, ndani ya magunia ya nailoni ya buluu. Upande wake ulipojaa, alikuja kwa Bi Mwanatumu na salamu ndefu na kumwomba nafasi kidogo tu, kandokando ya ua, ya kumwaga mzigo uliobaki. Bi Mwanatumu alimpa nafasi na kahawa juu yake, maana jirani kaja kuomba kwa adabu. Lile lundo likakua mpaka likaangusha ua, na masika mawili baadaye minazi ikaanza kukatikakatika.

Chonga ni yule mdudu mweusi, mnene kama kidole gumba, mwenye pembe moja puani. Hutoboa moyo wa mnazi usiku, na makuti yakija kufunguka yanatoka yamekatwa pembetatu, utadhani mtu kayapitia kwa makasi. Mwaka ule mkwezi wa pale Kipungani alikuwa akipanda na waya wenye ndoano, anawaopoa mashimoni mmoja mmoja, na bado hawakwisha.

Bi Mwanatumu aliisikiliza barua mpaka mwisho. Hakulia wala hakulaani. Aliuliza kitu kimoja tu, kama na ule wa Mohdhar umo katika hesabu.

Mohdhar ni mwanawe, wa pekee. Katika ukoo huo mtoto akizaliwa, siku ya saba baba huchimba shimo, akaweka kile kitovu kilichokauka, na juu yake akapanda nazi iliyochipua. Mnazi huo huitwa kwa jina la mtoto, na madamu mwenyewe yu hai, haukatwi. Wa Mohdhar ulipigwa na radi miaka mitatu nyuma ukapoteza kichwa, ukabaki mwili mrefu wa kijivu usio na kitu juu. Mohdhar naye alikwenda Doha kufanya kazi miaka saba iliyopita, na kwa miaka minne sasa hajapiga simu. Wako waliosema kaoa huko, wako waliosema wamemwona Nairobi, na hao wote Bi Mwanatumu aliwakataza kufungua midomo yao nyumbani kwake. Simu yake aliifunga kwenye ncha ya leso, ina chaji saa zote, hata msalani anakwenda nayo. Na kila baada ya alasiri aliweka jamvi lake chini ya ule mti usio na kivuli, akaegemea, akasuka ukili.

Sasa Taha alikuwa amekiona kile kigogo akakifanya kuwa ndicho mkosaji. Kulthum alitoka nje na jembe bila kumaliza chai.

Kulthum ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari pale Amu. Anakaa mtaa wa Wiyoni, hana mume, na hana simile na watu wanaosema jambo kabla ya kulitazama. Chuoni alisomea kukata na kutia rangi nyama za ndani za viumbe, kazi ya macho na subira, kisha akaja kuajiriwa kupanga chupa na kuwatayarishia wanafunzi vyura wao. Ufundi wake haukuwa umeulizwa na mtu kwa miaka tisa.

Lilipofika jembe kwenye lundo, mabuu walitoka wenyewe. Weupe, wanene, wamejipinda, kichwa cha hudhurungi na makalio meusi. Alichukua kumi na wawili, akawatia kwenye kopo la maziwa pamoja na samadi yao. Mkwezi akampa chonga wakubwa sita aliowaopoa asubuhi ile. Kazi ingeishia hapo, na wangekuwa na raha wote. Lakini Kulthum alisimama kwenye kile kigogo cha Mohdhar, shangazi yake akiwa ndani anasali, na akajua kwamba hawezi kumtetea mtu ikiwa anaogopa kupekua nyumba yake. Aligonga. Chini, karibu na mizizi, palisikika pamelegea. Alitia mkono, na mkono ukatoka na mabuu wanne. Aliwafunga kwenye kopo la pili, akaliweka ndani ya buibui, na shangazi yake alipotoka hakumwambia.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Patroba. Huyu ni mtu wa bara, mpole, mwenye meza iliyojaa mafaili na feni isiyozunguka. Alimkaribisha kiti. Kulthum hakukaa. Alimuuliza nani alifika Kipungani kuiangalia ile minazi, na Patroba, bila kujaribu kudanganya, akasema hakufika mtu, mashua ya ofisi haina mafuta tangu mwezi wa tatu, na ripoti ya mradi ilikuja imekamilika, ina picha na majedwali, naye akaisaini.

"Kwa hiyo umekata minazi thelathini na minane ukiwa umekaa," Kulthum akasema.

Patroba alitazama mikono yake. Alisema barua hawezi kuiondoa kwa maneno matupu, maana nakala imeshakwenda juu. Lakini Jumamosi atakuja mwenyewe, hata kwa nauli yake, na Bi Kulthum akiwa na ushahidi atautazama kwa macho yake mwenyewe. Ila uwe ushahidi wa kuonekana, akasema, kwa sababu Bwana Taha akianza kuzungumza, watu husahau walichokuja nacho. Hilo Kulthum alilikubali, maana lilikuwa kweli tupu.

Mwalimu Kerubo, mkuu wa somo la biolojia, alimpa maabara kila baada ya vipindi na hakuuliza mengi. Jumanne Kulthum alinunua barafu kwa muuza samaki, akawalaza mabuu ndani yake mpaka wakatulia kabisa. Akamchukua wa kwanza, akambana kwa pini juu ya nta, akapasua ngozi ya mgongo kwa makasi madogo, kutoka nyuma kwenda mbele.

Ukimfungua buu wa chonga utashangaa, kwa sababu ndani yake hamna nafasi ya kitu kingine. Yeye mzima ni utumbo uliovaa ngozi. Mbele kuna kipande kifupi cha kumezea, kimetandikwa kwa ndani gamba gumu, jinsi ilivyo kucha. Halafu linafuata tumbo la kati, bomba pana lililonyooka, lenye pete tatu za vijifuko vilivyolizunguka. Kulthum aligusa maji yake kwa karatasi ya kupimia, ikageuka rangi papo hapo. Ni makali kama maji ya magadi, ndiyo yanayoulainisha mti. Kisha njia inakuwa nyembamba, na ghafla inafunguka kuwa mfuko mkubwa mweusi uliojikunja chini ya tumbo, unaochukua karibu nusu ya mwili. Humo ndimo chakula kinapoumuliwa. Ukuta wake kwa ndani una vijiti vidogo vyenye matawi, na juu ya vijiti hivyo wamejaa bakteria wasiohesabika, wanaovunja mbao na majani kwa niaba ya mwenye nyumba. Alifanya kazi ile saa mbili na kwa muda huo alisahau kukasirika. Alikuwa ameikosa kazi yake kuliko alivyojua.

Chonga mkubwa alikuwa kitu kingine kabisa. Utumbo wake ni mrefu, mwembamba, umejizungusha mara nyingi, na ndani hamkuwa na chochote ila maji ya mnazi yaliyo safi na kinyuzi kimoja au viwili. Mkubwa hutafuna moyo wa mnazi, hutema makapi nje ya shimo, na kunywa majimaji tu. Mlaji wa kweli ni buu, na buu haendi mbali. Alichonacho tumboni ndicho alichozaliwa ndani yake. Kwa hiyo swali la nani aliyewafuga chonga wa Kipungani lilikuwa limefungwa ndani ya ule mfuko mweusi, na Kulthum aliupasua.

Ndani mlikuwa na nyasi zilizosagika, makapi, mchanga. Na nyuzi za buluu.

Alizivuta kwa kibano. Nyembamba, zinang'aa, haziozi. Alizijua mara moja, kama atakavyozijua mtu yeyote wa Amu. Punda wa mjini wakitua mizigo huachwa waranderande, nao huenda jaani wakala maganda ya matunda, maboksi na magunia ya nailoni yaliyochakaa, na vinavyoingia mbele hutoka nyuma. Punda wa Kipungani hula majani porini. Hakuna samadi yenye nyuzi za buluu ila ya Amu, na hakuna aliyeileta Kipungani ila mtu mmoja. Kati ya mabuu kumi na wawili wa lundoni, tisa walikuwa nazo. Kulthum alicheka peke yake mle maabara mpaka Kerubo akachungulia mlangoni.

Lakini alimjua Taha. Taha angesema nyuzi zilishikwa na kisu, au ziliangukia sahanini, au Bi Kulthum alizitia kwa mkono wake. Basi Jumanne hiyo hiyo akakata vipande vya tumbo la kati, ambalo hakuwa amelifungua, akavitia kwenye fomalini, kisha kwenye spiriti, kisha kwenye nta ya moto aliyoiyeyusha kwa sufuria, siku baada ya siku, mpaka Ijumaa asubuhi kila kipande kikawa kimeganda ndani ya nta yake. Akavikata kwa wembe mpya, vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, akavitia rangi, akavilaza juu ya vioo na kuviweka chini ya hadubini.

Alichokiona kilikuwa duara. Nje kabisa misuli, mingine imezunguka na mingine imekwenda kwa urefu. Ndani yake safu moja ya seli ndefu, zimesimama bega kwa bega bila mwanya, na ukingo wake wa juu una manyoya mafupi kama ya burashi. Chini ya safu, kila baada ya hatua, kulikuwa na kiota cha seli changa zinazongoja, maana zile za juu huchakaa kwa ukali wa kazi na lazima zipate wa kuzirithi. Na katikati ya duara, chakula chenyewe kimefungwa pande zote ndani ya utando mwembamba ambao tumbo hujitengenezea ili makapi yasiliparue. Ndani ya utando huo, kati ya makapi, alikuwapo shahidi wake wa buluu. Utando ulikuwa mzima, haukuwa na tundu. Mkono wa binadamu haufiki humo, na ulimi wa Bwana Taha pia haufiki.

Kulibaki kopo la pili. Alikuwa ameliacha la mwisho na alijua kwa nini. Alimfungua wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akapaka makapi ya kila mmoja kwenye kioo chake. Nyuzi za mnazi, za hudhurungi, zimetafunika vizuri, na hapana nyasi wala buluu yoyote. Walikuwa wamezaliwa ndani ya mnazi wa Mohdhar na wamekula mnazi wa Mohdhar. Bila shaka mama zao walitoka lundoni wakaja kutaga hapo, kwa kuwa palikuwa karibu, na mti ulikwisha kulainika. Hata hivyo ripoti ya Taha, yenye uongo wake wote, ilikuwa na kipande kimoja cha ukweli, na kipande chenyewe ndicho kilichomuuma Kulthum zaidi kuliko uongo. Aliwakasirikia mabuu wale. Wanne kati ya kumi na sita. Ni kitu gani kumwaga vioo vinne kwenye sinki na kufungua bomba? Nani angeuliza?

Alivishika mkononi muda mrefu. Kisha akaona kwamba akivimwaga, atakuwa ameandika ripoti ya aina ile ile aliyoiandika Taha, yenye picha za kweli na jambo moja lililoachwa. Hilo lilimchukiza kuliko Taha mwenyewe. Alivipanga vioo vyote kisandukuni, vile vinne mwisho, na hata asubuhi ya Jumamosi, walipokunywa chai pamoja, hakupata moyo wa kumwambia shangazi yake.

Saa nne walikuwapo. Taha alifika na vijana wawili wa msumeno wa mashine na dumu la petroli, kana kwamba maneno yameshakwisha. Patroba aliteremka mashuani na mabuti ya mpira na faili kwapani. Majirani kadhaa walisimama pembeni pamoja na mkwezi. Bi Mwanatumu alikuwa pale pale pake pa siku zote, juu ya jamvi, mgongo kwenye kigogo cha mwanawe, anasuka.

Taha alizungumza kwanza, na kwa uzuri. Alisema Bi Mwanatumu ni mama yetu sote, wallahi hapendi kumwona akisumbuka, lakini mtu mmoja hawezi kuangamiza kisiwa kwa ajili ya mti mmoja uliokufa, na sayansi imeshasema. Kulthum alikuwa akipindua kinu cha shangazi yake ili kupata meza ya hadubini. Alisema shahidi wa sayansi yumo humu kisandukuni, na Bwana Patroba aje atazame.

"Bi Kulthum ni dada yetu na twamheshimu," Taha akasema, akiwatazama majirani, "lakini tusemezane kweli. Kazi yake pale shuleni ni kuosha chupa."

Kuna waliocheka kidogo. Kulthum alikielekeza kioo cha hadubini kwenye jua, akaweka kipande cha kwanza, na kumpisha Patroba. Afisa yule aliinama akakaa humo muda mrefu. Akauliza hivyo vya buluu ni nini. Kulthum alikwenda kwenye lundo, akachomoa uzi mmoja kutoka kwenye gunia la Bustani Njema, akauweka juu ya kioo kingine, na kumwambia atazame tena.

Taha alisema upesi kwamba nyuzi hupeperuka, zinaweza kuingia popote, hata kwa kisu. Kulthum alikuwa amelisubiri neno hilo wiki nzima. Alimweleza Patroba, polepole na kwa sauti ya kusikika na kila aliyesimama, ule mzunguko wa misuli, na safu ya seli, na utando unaokifunga chakula pande zote, akamwambia atafute tundu. Patroba alitafuta. Alitazama vioo tisa, kimoja baada ya kingine, jasho likimdondoka puani. Mwishowe aliinuka akasema hakuna tundu, na kwamba wadudu hawa wamelelewa na samadi ya Amu.

Mkwezi alicheka kwa sauti, na safari hii waliocheka naye walikuwa wengi. Kanzu ya Taha ilikuwa nyeupe vile vile, ila mwenyewe alikuwa amebadilika. Akageuka, na kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, akauliza, "Na wa gogoni je? Bi Kulthum amewafungua wa gogoni?"

Kila mtu alimtazama Kulthum. Bi Mwanatumu alikuwa akimtazama pia, na uso wake haukuwa na shaka yoyote, maana aliyekuja kumtetea ni damu yake. Kulthum aliona kwamba neno moja fupi lingetosha, na kwamba hakuna hata mmoja pale ambaye angeweza kumbishia.

"Nimewafungua," akasema. "Walikuwa wanne. Wamekula mnazi mtupu. Hawana uzi."

Mikono ya Bi Mwanatumu ilisimama juu ya ukili. Taha alifungua mdomo, lakini Patroba alimwinulia kiganja na kusema maneno yake kwa mpango wa mtu anayejirekebisha. Lundo liondolewe lote, kuanzia leo, kwa gharama ya mradi, na samadi isiletwe tena Kipungani ikiwa mbichi. Minazi thelathini na saba isiguswe, mkwezi aendelee na waya wake. Lakini kigogo, Mama, kigogo kikatwe. Aliposema hilo hakuweza kumtazama.

Bi Mwanatumu alisema kuna neno kwenye barua ile, neno la uchafu, na analitaka liondoke. Patroba alitoa kalamu, akalipiga mstari kwenye nakala yake na kwenye ile iliyokuwa chini ya kibuyu, akatia sahihi pembeni mara mbili. Bi Mwanatumu alimpa Kulthum zote mbili amhakikishie. Kulthum alimhakikishia. Hapo akainuka, akaja mpaka kwenye kinu, akashika hadubini kwa mikono miwili kama anavyoshika kichwa cha mtoto.

"Nionesha wa Mohdhar," akasema.

Kulthum alitafuta kimoja cha vile vioo vinne, akakiweka. Shangazi yake alifumba jicho moja, akakosa, akapata. Akatazama.

"Huyu mekula nini?"

"Mnazi wa Mohdhar, Shangazi."

Hakuondoa jicho. Kulthum alianza kumwomba radhi kwa kutomwambia mapema, na hakuwa na hakika kama anasikilizwa. Mwanamke yule alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa mara ya kwanza wiki ile, na pengine kwa mara ya kwanza katika miaka minne, ilikuwa hasira tupu, na haikumlenga Taha wala barua.

"Miaka minne naulinda mti huu," akasema, "nikiwambia watu mwenyewe yu hai, ataya, atarudi. Wakaniteka na nde na ndani, wakinifanyia mzaha, nikawafukuza. Mwenyewe hakuya. Hakuniuliza hata kama nimekufa. Aliyekuya kukaa kwake ni mdudu."

Kulthum alinyoosha mkono, na shangazi yake akausukuma kando, si kwa ubaya. Aliwaambia vijana wa msumeno walete mashine yao, lakini lundo kwanza, mpaka gunia la mwisho, na Bwana Taha abebe na yeye, kwa kuwa alipokuja kuomba alikuja na miguu yake mwenyewe. Taha alimtazama Patroba, na Patroba akamsogezea gunia. Ikafika adhuhuri magunia yamekwisha, na kanzu ile ilikuwa na rangi ya kazi.

Ndipo wakaanza kukata. Mnazi ulianguka upande wa baharini kwa kishindo kifupi, ukapasuka chini, ukamwaga unga wake wa hudhurungi na mabuu wengine wawili kwenye uwanja uliofagiliwa. Watu walirudi nyuma. Bi Mwanatumu alikuwa ameshachukua fagio lake, na majirani walipotaka kumsaidia alikataa. Alifagia hatua mbili, akasimama, akafungua ncha ya leso, akatoa ile simu na kumpa Kulthum amshikie, kwa sababu ilikuwa inamzuia kuinama.

"Ikilia," akasema, "mwambie mnazi wake umekatwa, na aliyeukata ni mamake. Akitaka mwingine, na aye aupande kwa mikono yake."

Akarudi kwenye fagio. Alifagia mpaka unga wote ukaondoka, na Kulthum alisimama pale na simu mkononi, ina chaji kamili, mpaka alasiri ilipoadhiniwa.